Wasomaji Wanauliza: Akademia ya Darmstadt inamfaa nini mwandishi wa Kijerumani?

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari michache Tuzo ya Georg Büchner, tuzo ya juu ya fasihi ya Kijerumani, na akademia ya Darmstadt inayoitoa, na barua za kutaka maelezo zaidi zimekuja nyingi. Hizi nimezichagua kwa sababu zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lilelile: chombo cha aina hii kinamsaidia mwandishi kwa lipi hasa? Nimefundisha Kijerumani na kufasiri kutoka lugha hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitajibu kwa jinsi ninavyoyaona mambo nikiwa ndani ya kazi hiyo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa isimu. Hiyo Akademia ya Darmstadt ni kama BAKITA? Ikisema neno fulani si sanifu, Wajerumani wanalazimika kuliacha?

Marahaba. Hapana, na tofauti hiyo ni ya msingi. Deutsche Akademie für Sprache und Dichtung, yaani Akademia ya Kijerumani ya Lugha na Ushairi, ni chama cha watu: waandishi, wafasiri, wahakiki na wanazuoni. Ilizinduliwa tarehe 28 Agosti 1949 katika kanisa la Paulskirche, Frankfurt, siku ilipotimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mshairi Goethe, na tangu 1951 makao yake yako Darmstadt, jimbo la Hesse. Huombi kujiunga. Wanachama waliomo ndio wanaokuchagua, kwa kura ya siri. Rais wake huchaguliwa vilevile. Mwaka 2023 walimchagua mwandishi Ingo Schulze, mzaliwa wa Dresden.

Nguvu ya sheria juu ya lugha haina hata kidogo. Mfano mzuri ni vita vya tahajia. Mwaka 1996 Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein zilitia saini mapatano ya kubadilisha tahajia ya Kijerumani, na waandishi wengi wakakasirika kweli. Akademia ilipinga, lakini haikuishia kulalamika: mwaka 2003 ilichapisha kitabu chenye pendekezo la maafikiano, kanuni kwa kanuni. Mwaka uliofuata likaundwa Baraza la Tahajia ya Kijerumani mjini Mannheim, na mwaka 2006 kanuni zikarekebishwa. Akademia haikuamuru lolote hapo. Ilizungumza kwa sauti ya watu wanaoishi kwa kalamu, ikasikilizwa kiasi.

Mwalimu, hamjambo huko. Ninafundisha fasihi sekondari. Naomba utueleze Tuzo ya Büchner yenyewe: ni fedha kiasi gani, anapewa nani, na huyo Büchner alikuwa nani hata tuzo kubwa kuliko zote iitwe kwa jina lake?

Hatujambo, Mwalimu mwenzangu. Nianze na Büchner, maana wanafunzi wako watampenda. Alizaliwa 1813 katika kijiji cha Goddelau, si mbali na Darmstadt. Mwaka 1834, akiwa mwanafunzi wa udaktari, aliandika kijarida cha siri cha kuwaamsha wakulima wa Hesse, akiwaonyesha kwa tarakimu jinsi kodi wanazokamuliwa zinavyoliwa na watawala. Kilibeba wito huu: amani kwa vibanda, vita kwa majumba ya kifalme. Akakimbilia Strasbourg, hati ya kumkamata ikatolewa, kisha akaenda Zürich, akafa huko kwa homa ya matumbo mwaka 1837. Alikuwa na miaka 23. Ameacha tamthilia tatu na hadithi moja ambayo hakuimaliza, na hadi leo hakuna mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani anayeweza kumkwepa.

Kwa hiyo nchi imeipa tuzo yake ya juu ya fasihi jina la kijana aliyekuwa akisakwa na polisi. Hilo linanigusa kila mwaka ninaposikia jina linatangazwa.

Tuzo ilianza 1923 ikiwa ya wasanii wa Hesse wa kila fani, na katika miaka ya Wanazi haikutolewa. Tangu 1951 ni ya fasihi tu na iko mikononi mwa Akademia. Thamani yake ni euro 50,000, zinazotoka serikali kuu, jimbo la Hesse na mji wa Darmstadt. Hakuna fomu ya kujaza wala kitabu cha kupeleka. Hutuzwa kazi ya mwandishi kwa ujumla wake. Waliowahi kuipata ni pamoja na Günter Grass (1965), Heinrich Böll (1967), Christa Wolf (1980) na Elfriede Jelinek (1998), na karibu zaidi Lutz Seiler (2023), Oswald Egger (2024) na Ursula Krechel (2025). Angalia Egger: mshairi ambaye vitabu vyake ni vigumu kiasi kwamba duka la kawaida halingemweka dirishani. Soko lisingemfikia mtu kama huyo. Wenzake wamemfikia, na ndiyo kazi ninayoiheshimu zaidi katika tuzo hii.

Hafla hufanyika msimu wa vuli katika ukumbi wa Staatstheater, Darmstadt. Siku hiyohiyo hutolewa Tuzo ya Johann Heinrich Merck ya uhakiki na insha, na Tuzo ya Sigmund Freud ya nathari ya kitaaluma. Hannah Arendt aliipata hii ya pili mwaka 1967. Utaratibu ni wa zamani. Msifu hupanda, huzungumza kirefu kuhusu kazi ya mtuzwa, kisha maneno ya hati husomwa kwa sauti, halafu mtuzwa mwenyewe huhutubia. Wachache sana hutumia dakika hizo kutoa shukrani tu. Watu huja kumsikia mwandishi akieleza anafanya nini na maneno, na hotuba hizo huchapishwa katika kitabu cha mwaka cha Akademia. Hotuba ya mshairi Paul Celan ya Oktoba 1960, inayojulikana kama Meridian, mpaka leo inasomwa darasani kana kwamba ni kitabu kizima.

Na hapo kwa Celan naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo niliposadiki kwamba akademia inaweza kufanya zaidi ya kutoa hundi. Celan alikuwa Myahudi wa Czernowitz, mji ambao leo uko Ukraine. Wazazi wake walifia katika kambi ya Wanazi. Masika ya 1960 Claire Goll, mjane wa mshairi Yvan Goll, alichapisha katika jarida dogo la Munich shutuma kwamba Celan aliiba mashairi ya marehemu mumewe. Magazeti makubwa yakaidaka habari hiyo. Sasa, mtu aliyenusurika maangamizi anaambiwa mbele ya taifa zima kwamba hata maneno yake si yake.

Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Büchner, na aliyesimama kumsifu ni Marie Luise Kaschnitz, mwandishi ambaye pia alitia saini barua ya wazi ya kumtetea akiwa na Ingeborg Bachmann na Klaus Demus. Akademia nayo ikampa mtafiti kijana, Reinhard Döhl, kazi ya kuzipima shutuma moja baada ya nyingine. Ripoti ikatoka katika kitabu cha mwaka. Ilionyesha kwamba shutuma hazina msingi: mashairi kadhaa yaliyotajwa yalikwisha kuchapishwa Vienna mwaka 1948, wakati Celan na Goll hawajakutana bado. Tarehe ya kitabu ilimaliza ubishi.

Haikumponya Celan. Aliumia hata na namna ripoti ilivyoandikwa, kwa baridi ya kimahakama, na miaka kumi baadaye alijitosa mtoni Seine. Lakini ushahidi upo, umepigwa chapa, na mtafiti yeyote wa leo anaanzia hapo. Mwandishi mmoja peke yake asingeweza kujifanyia hivyo. Mchapishaji wake angeonekana anatetea biashara yake.

Mwalimu, euro 50,000 kwa mtu mwenye jina tayari! Je, kijana ambaye ndiyo kwanza ana kitabu kimoja anakula nini?

Umegusa penyewe. Akademia haimlishi kijana, na yeyote anayekwambia fasihi ya Kijerumani inaishi kwa Tuzo ya Büchner hajawahi kulipa kodi ya nyumba Berlin. Kinachomlisha ni vitu vinne ambavyo havipigiwi makofi.

Cha kwanza ni bima. Tangu 1983 kuna Künstlersozialkasse, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa wasanii na waandishi wa kujitegemea, wenye ofisi Wilhelmshaven. Mwandishi hulipa nusu tu ya michango yake ya bima ya afya, pensheni na huduma ya uzeeni, kama mwajiriwa. Nusu nyingine hugawanywa: asilimia 20 hutoka serikali kuu, asilimia 30 hutozwa wachapishaji, kumbi za tamthilia, vituo vya utangazaji na wengine wanaotumia kazi ya msanii. Masharti yake ni kwamba uwe unaishi kwa sanaa na upate angalau euro 3,900 kwa mwaka, na anayeanza husamehewa kiwango hicho katika miaka ya mwanzo. Nimewaona vijana wenye mswada mmoja mezani wakienda kwa daktari wa meno bila hofu kwa sababu ya mfuko huu. Ningeambiwa nichague kati ya tuzo zote na mfuko huo, ningechagua mfuko.

Cha pili ni VG Wort, chama cha kukusanya mirabaha kilichoanzishwa 1958. Kitabu chako kikiazimwa maktaba, kikinakiliwa, malipo hukusanywa na kugawiwa. Si nyingi, ila huja kila mwaka.

Cha tatu ni bei. Kwa sheria ya 2002, iliyorithi desturi ya muda mrefu, kitabu kipya huuzwa kwa bei moja nchi nzima. Duka kubwa haliwezi kulibomoa duka dogo kwa punguzo, na duka dogo ndilo lenye muuzaji anayekushika mkono akisema soma huyu.

Cha nne ni ruzuku ya muda. Deutscher Literaturfonds, mfuko ulioundwa 1980 kwa fedha za serikali kuu lakini unaoamuliwa na watu wa fasihi wenyewe, humpa mwandishi posho ya kila mwezi ili amalize kitabu. Hapo ndipo mwenye kitabu kimoja ana nafasi ya kweli. Mfuko huo nao una makao Darmstadt, kwenye kilima cha Mathildenhöhe, katika nyumba ileile ya Akademia: Glückert-Haus, iliyosanifiwa na Joseph Maria Olbrich na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza 1901, yenye mlango wa upinde mpana unaokufanya usimame kabla ya kuingia. Ghorofa moja inamtukuza mwandishi, nyingine inamlipia chakula. Napenda kwamba wanapita mlango mmoja.

Asalaam alaykum. Unasema fedha za akademia ni za serikali. Anayekulisha si ndiye anayekuamrisha? Waandishi wanawezaje kuwa huru?

Waalaykumu salaam. Swali lako lina historia yenye damu, na Wajerumani wanaijua.

Mwaka 1926 Akademia ya Sanaa ya Prussia, Berlin, ilifungua Sehemu ya Ushairi. Tangu 1931 mwenyekiti wake alikuwa mwandishi Heinrich Mann. Februari 1933, wiki mbili tu baada ya Hitler kukabidhiwa serikali, Mann na mchoraji Käthe Kollwitz walikuwa wametia saini wito wa kuvitaka vyama vya mrengo wa kushoto viungane dhidi ya Wanazi. Kamishna wa utamaduni akatishia kuivunja akademia yote. Wenzao hawakufunga milango wakakataa. Waliwaacha waondoke ili jengo libaki. Mwezi uliofuata wanachama wakaletewa tamko la utii la kutia saini, lililoandikwa na mshairi Gottfried Benn. Waandishi Thomas Mann na Alfred Döblin wakajitoa. Ricarda Huch, mama wa miaka 68 na mwanamke wa kwanza katika sehemu ile, alikataa na kuandika kwamba uzalendo unaoamriwa na serikali hiyo si namna yake ya kuwa Mjerumani. Tarehe 10 Mei vitabu vikachomwa moto.

Sasa mtuzwa wa kwanza wa Akademia mpya mwaka 1951 alikuwa nani? Gottfried Benn. Mashairi yake ni makubwa, na Wanazi wenyewe walimgeuka na kumpiga marufuku kuchapisha mwaka 1938. Hata hivyo kila nikifika kwenye jina hilo juu ya orodha, nakumbuka la Döblin, ambaye alirudi kutoka uhamishoni, akashiriki kuanzisha akademia nyingine kule Mainz, na Darmstadt haikuwahi kumpa tuzo yake. Naona walikosea. Ushairi wa Benn ungeweza kungoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uhuru hauletwi na chanzo cha fedha peke yake. Unaletwa na kanuni za ndani: nani anamchagua mwanachama, nani anaamua tuzo, na kama watu wako tayari kugombana hadharani. Thomas Bernhard, mtuzwa wa 1970, alijitoa mwaka 1979 pale Akademia ilipomchagua Walter Scheel, aliyekuwa Rais wa nchi, kuwa mwanachama wa heshima. Aliona mwanasiasa hana la kufanya katika baraza la waandishi, akasema hivyo magazetini kwa ukali wake wote. Wengi walimwona mkorofi. Mimi namwona alikuwa akilinda mlango.

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, nina miaka sita Leipzig. Usiku naandika hadithi kwa Kijerumani, si kwa Kiswahili. Wenzangu wananicheka kwamba Kijerumani si changu. Je, taasisi hizi zinamwona mtu kama mimi?

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku. Wasikuvunje moyo. Lugha hii imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu ambao pasipoti yao ilisema kitu kingine. Elias Canetti, mtuzwa wa 1972, alizaliwa Ruse, Bulgaria, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kihispania cha Wayahudi. Terézia Mora, mtuzwa wa 2018, ni mzaliwa wa Sopron, Hungaria. Na mwaka 2022 akapewa Emine Sevgi Özdamar. Msome huyo kwanza. Alikuja Berlin Magharibi kutoka Uturuki mwaka 1965 kama kibarua wa kiwandani, akiwa binti asiyejua Kijerumani. Akajifunza, akaenda kufanya kazi ya tamthilia Berlin Mashariki, akaanza kuandika kwa Kijerumani kinachobeba methali na mwendo wa Kituruki bila kuomba radhi. Makosa ya kibarua mgeni anayesikia lugha kwa mara ya kwanza aliyafanya kuwa mtindo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 tangu ashuke kwenye treni hadi asimame Darmstadt.

Usingoje hayo ya Darmstadt lakini. Kuna mashindano ya Ingeborg Bachmann mjini Klagenfurt, Austria, yanayofanyika tangu 1977. Mwandishi husoma hadithi ambayo haijachapishwa, kwa kama dakika 25, kisha majaji wanaijadili mbele yake, kamera zikiwa wazi. Ni jambo la kutisha. Özdamar alishinda huko 1991, na mwaka 2016 alishinda Sharon Dodua Otoo, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Ghana, aliyehamia Berlin. Ili uingie unahitaji barua ya mchapishaji au jarida la fasihi linalokupendekeza, kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni majarida. Na uko Leipzig! Mji wako una Deutsches Literaturinstitut, chuo cha uandishi chini ya chuo kikuu, na kinachoamua zaidi ni kurasa zako. Nenda kwenye usiku wao wa usomaji hata kabla ya kuomba. Kaa mbele.

Mwalimu, nafasiri riwaya kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili. Kila tuzo unayotaja ni ya waandishi. Sisi je?

Wafasiri tumo, tena ndani ya Akademia kwa uanachama kamili, jambo ambalo vyombo vingi vya fasihi havijalifanya. Tuzo ya Johann Heinrich Voß, tangu 1958, ni ya ufasiri, ingawa ni kwa wanaofasiri kuingia Kijerumani. Ya kwetu tulio nje ni Tuzo ya Friedrich Gundolf, kwa wanaofikisha utamaduni wa Kijerumani kwa mataifa mengine. Bado sijamwona humo mtu aliyeipata kwa kazi ya Kiswahili, na natamani sana.

Kwa mahitaji yako ya sasa, kuna milango miwili. Goethe-Institut husaidia gharama za kufasiri vitabu vya Kijerumani, ila anayeomba ni mchapishaji, si wewe. Basi hakikisha haki za kitabu zimekamatwa kwanza, halafu mhimize mchapishaji wako. Mlango wa pili ni Straelen, mji mdogo karibu na mpaka wa Uholanzi, ambako tangu 1978 kuna Europäisches Übersetzer-Kollegium, nyumba ya wafasiri. Nimekaa pale. Vitabu vimepanda kuta zote kuzunguka ua wa ndani wenye paa, kamusi za lugha usizozijua ziko hadi ngazini, na jioni jikoni utamkuta Mpolandi anayefasiri riwaya ileile unayofasiri wewe, amekwama kwenye sentensi ileile. Tulitatua ukurasa mmoja mgumu tukimenya viazi. Chumba hulipii. Wanataka uwe na mkataba wa mchapishaji kwa kazi unayofanya na uwe umekwisha kuchapisha ufasiri kabla ya hapo. Lugha yoyote inakubaliwa, Kiswahili nacho. Tuma maombi mapema kabla ya mkataba wako kukubana, maana vyumba hujaa.